Saa Ndizo Zinazogawanya: Mafumbo ya Mwendokasi wa Wastani



Mwaka 1934 mwanasaikolojia Max Wertheimer, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameihama Ujerumani ya Hitler na kwenda New York, alimwandikia Albert Einstein fumbo la hesabu. Gari kuukuu linatakiwa kupanda kilima maili 1, kisha lishuke upande wa pili maili 1. Kwa uchakavu wake linapanda kwa mwendokasi wa maili 15 kwa saa. Je, lishuke kwa mwendokasi gani ili wastani wa safari nzima uwe maili 30 kwa saa?

Naona midomo inasema 45. Sasa twende taratibu. Maili 2 kwa wastani wa maili 30 kwa saa ni safari ya dakika 4. Kupanda maili 1 kwa maili 15 kwa saa nako ni dakika 4. Gari liko kileleni, maili nzima bado iko mbele yake, na dakika zote zimekwisha. Hata likishuka kama risasi, wastani huo haulipati tena. Einstein alimjibu kwamba ni hesabu ndiyo iliyomfumbua macho kuwa hakuna muda uliobaki wa kushukia.

Nimelitaja jibu hilo la Einstein kwa ajili yenu walimu: hata yeye alihitaji kupiga hesabu kwanza. Mwanafunzi anayeandika 45 si mzembe. Ameona 15, ameona 30, akatafuta namba ambayo ukiijumlisha na 15 na kugawanya kwa 2 unapata 30. Ndivyo alivyofundishwa kutafuta wastani tangu shule ya msingi. Tusichomweleza ni kwamba kugawanya kwa 2 kunadai masharti. Wastani wa mwendokasi ni umbali wote kugawanya kwa muda wote, kwa hiyo kila kipande cha safari kina uzito kulingana na muda uliotumika humo, si kulingana na urefu wake. Mwendo wa polepole hula muda mwingi, ndiyo maana huuvuta wastani upande wake.

Nenda kilomita 120 kwa kilomita 40 kwa saa, urudi kwa 60. Kwenda ni saa 3, kurudi ni saa 2, na kilomita 240 kwa saa 5 ni 48, si 50. Badilisha umbali upendavyo, 48 haiondoki. Lakini endesha saa 2 kwa kilomita 40, kisha saa 2 nyingine kwa kilomita 60: umekwenda kilomita 200 kwa saa 4, na wastani ni 50 kamili. Namba ni zile zile mbili, majibu tofauti, na yote ni sahihi. Mwalimu anayewapa watoto kanuni ya 48 waikariri bila kuwaonyesha safari ya pili amewatoa kwenye mtego mmoja akawaingiza kwenye mwingine.

Jambo hili ni la zamani. Katika kitabu cha Kichina cha Sura Tisa za Hesabu, ambacho kina umri wa takriban miaka 2,000 na ambacho Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263, limo swali la mkokoteni wa kusafirisha nafaka. Ukiwa na mzigo unakwenda li 50 kwa siku (li ni kipimo cha Kichina cha umbali), ukiwa mtupu li 70, na katika siku 5 unakwenda na kurudi mara 3. Umbali ni kiasi gani? Anayekimbilia 60 kuwa wastani atapata li 50. Kitabu kinasema li 48 na sehemu 11 za 18, nacho hakikukosea. Swali lenyewe limo katika sura inayohusu kugawana mizigo ya kodi na usafirishaji kwa haki. Mtu akikosea hapo, kuna kijiji kinachobebeshwa zaidi ya fungu lake.

Na sisi tuna mikokoteni yetu. Sheria ya Tanzania inalitaka basi lisizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi yenye vibao lisizidi 50. Chukua kilomita 100 za barabara kuu, nusu yake ikiwa vijiji vya vibao. Dereva mtiifu anatumia dakika 60 vijijini na dakika 37 na nusu penye njia nyeupe. Wastani wake ni 61.5 hivi, wala si 65. Abiria wameanza kunung'unika kwamba gari linatambaa. Anakanyaga mafuta hadi 100: ameokoa dakika 7 na nusu. Anapandisha hadi 120, nyongeza ile ile ya kilomita 20, na safari hii inamwokolea dakika 5 tu. Breki zake, kwa mwendo huo, zina nishati ya kuzima mara 2.25 ya ile ya mwendo wa 80. Na akitaka wastani wa 80 kwa kipande chote, anatakiwa atumie dakika 75; 60 zimebaki vijijini, kwa hiyo kilomita 50 zilizosalia azimalize kwa dakika 15. Hizo ni kilomita 200 kwa saa, ndani ya basi lenye watoto wamepakatwa na mama zao. Nataka kila anayeketi kwenye usukani, na kila abiria anayemhimiza, awe amewahi kuipiga hesabu hii kwa mkono wake akiwa darasani.

Hesabu hiyo haitapigwa ikiwa tutaendelea kuwazoesha watoto kwamba kila swali la mtihani lina namba yake ya kujibia. Mtoto huyo akikutana na kilima cha Wertheimer ataandika 45 hata kama ana shaka, kwa sababu nafasi ya jibu iko wazi na muda unayoyoma. Watunzi wa mitihani mliomo ukumbini humu, nawaomba muweke swali la umbali sawa na la muda sawa kwenye ukurasa mmoja, na chini yake muweke lile la kilima. Atakayeandika "haiwezekani" na kueleza dakika 4 zilikwenda wapi, mpeni alama zote.