Kwa Nini Waliwarushia Mawe?

Klabu ya afya ya shule moja ya sekondari ilimwalika muuguzi mstaafu azungumze juu ya magonjwa ya mlipuko. Tumeyachapa mazungumzo yake karibu kama alivyoyasema, pamoja na baadhi ya maswali ya mwisho.

Wanangu, hamjambo? Kaeni, kaeni. Ninyi wa nyuma sogeeni mbele, sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Mwalimu wenu alinipa sanduku la maswali, nimeyasoma yote jana usiku. Mengi ni yale ya siku zote: chunusi, hedhi, na yule anayetaka kujua kama mtu anaweza kupata mimba mara ya kwanza. (Ndiyo, anaweza. Msicheke.) Lakini karatasi moja ilinifanya nivue miwani. Imeandikwa hivi: "Nasikia Kongo watu waliwarushia mawe wahudumu wa Ebola na kuchoma kambi za wagonjwa. Je, watu hao ni wajinga au wamerogwa?" Haina jina. Aliyeiandika asiogope, swali lake ni zuri. Leo nitazungumzia hilo tu.

Lakini kabla hatujafika Kongo, nianze na la kwangu, maana si vizuri kuchungulia jiko la jirani wakati lako linafuka moshi.

Ilikuwa mwaka 1997. Kipindupindu kilisumbua sehemu nyingi za Tanzania mwaka ule. Mimi nilikuwa muuguzi kijana, mwaka wangu wa tatu kazini. Siku moja tukatumwa mtaa fulani, bwana afya, mimi na mgambo wanne, tumepanda Landrover. Amri ilikuwa kufunga biashara zote za vyakula vya barabarani. Amri yenyewe ilikuwa na sababu. Kipindupindu huingia kwa mdomo, kwa chakula na maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa.

Pale mtaani kulikuwa na mama anauza uji. Mgambo mmoja akapiga sufuria teke. Uji ukamwagika, ukaingia mtaroni. Yule mama hakulia. Alisimama tu akiutazama mtaji wake unavyokwenda na maji machafu. Sisi tukapanda gari tukaondoka. Hakuna aliyemweleza kitu, si yeye wala majirani zake. Na sasa sikilizeni vizuri: bomba la mtaa ule lilikuwa limekauka kwa wiki mbili, watu wanachota maji kwenye kisima kilicho kando ya vyoo. Kisima hatukukigusa. Tulimwaga uji uliochemka, tukaacha kisima.

Siku tano baadaye, saa nane za usiku, baba mmoja wa mtaa uleule alinileta mtoto mgongoni. Mtoto wa darasa la nne. Macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Alikuwa ameharisha tangu alfajiri iliyopita. Nilitafuta mshipa wa kuwekea dripu, sikuupata. Nikatafuta mguuni, sikuupata. Alikufa kabla ya adhana ya asubuhi. Kipindupindu kinaua kwa kukausha maji mwilini, na kinaweza kuua kwa saa chache tu. Angeletwa mapema, maji ya chumvi na sukari pamoja na dripu mbili tatu huenda vingemtosha.

Nilimuuliza baba yake, kwa ukali kidogo, naona aibu kusema: "Mlikuwa wapi kutwa nzima?" Akanijibu, "Tuliliogopa gari lenu." Neno hilo ninalo mpaka leo. Wao hawakuuogopa ugonjwa kama walivyotuogopa sisi.

Haya, sasa twende Kongo.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imezuka katika mkoa wa Kivu Kaskazini, upande wa Mangina, karibu na mji wa Beni. Ilikuwa mara ya 10 kwa nchi hiyo kupata mlipuko wa Ebola. Watu wa huko wanazungumza Kiswahili kama sisi, kwa lafudhi yao. Kwa hiyo maneno yao mngeyaelewa bila mkalimani.

Maneno yenyewe yalikuwa nini? Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa na makundi yenye silaha tangu Oktoba 2014. Usiku mmoja kijiji hiki, usiku mwingine kile. Walipiga kelele miaka minne, msaada waliouona ni mdogo. Halafu ghafla, kwa ajili ya Ebola, magari mapya yakajaa mjini, wageni wakajaa hotelini, fedha zikamwagika. Mtu akauliza: tulipokuwa tunakatwa mapanga mlikuwa wapi? Sasa niambieni ninyi wenyewe, hilo ni swali la mjinga? Halafu kulikuwa na surua. Tangu mwanzo wa 2019, katika mwaka mmoja tu, surua iliua watu zaidi ya 6,000 Kongo nzima, wengi wao watoto wadogo. Ni wengi kuliko waliouawa na Ebola. Mama aliyezika mtoto wa surua aliona magari ya Ebola yakipita mlangoni kwake. Watu wakaanza kuiita ile kazi "biashara ya Ebola".

Likaja la uchaguzi. Nchi nzima ilikuwa ipige kura tarehe 30 Desemba 2018. Siku nne kabla, tarehe 26, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura siku hiyo, wasubiri mpaka Machi. Sababu waliyopewa ni Ebola na usalama mdogo. Lakini masoko yalikuwa wazi, shule na makanisa yalijaa. Na miji hiyo ilijulikana kuwa ngome ya upinzani. Kesho yake vijana wa Beni wakaingia barabarani, wakavamia kituo cha Ebola, na watu waliokuwa wanasubiri majibu ya vipimo wakakimbia. Tarehe 30 yenyewe wakazi wa Beni walijipangia uchaguzi wao, wakapanga mistari wakapiga kura zisizohesabika popote.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipofanyika, kwa maoni yangu. Ugonjwa wa kweli ulitumiwa kama sababu ya jambo ambalo watu hawakuliamini. Tangu siku hiyo ukimwambia mtu Ebola ipo, anakuona mwanasiasa. Hata mapema, Septemba 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu robo walisema Ebola si kitu cha kweli. Na waliosema wanaiamini serikali ya pale kwao hawakufika theluthi.

Februari 2019 kambi mbili za wagonjwa, ya Katwa na ya Butembo, zilishambuliwa na kuchomwa katika wiki moja. Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia hospitali huko Butembo wakamwua Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani. Alikuwa mkutanoni na wenzake. Hilo silitetei, na yeyote kati yenu asije akasema Mama Nesi alitetea. Kuna waliokuwa na hasira ya haki na kuna waliokuwa wauaji. Tatizo ni kwamba hasira ya wale wa kwanza iliwapa wale wa pili mahali pa kujificha.

Ninyi mnajua Ebola inavyoambukiza? Si kwa hewa. Ni kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, na maiti ndiyo hatari zaidi. Kwa hiyo huruhusiwi kumwosha mzazi wako aliyekufa. Fikirini. Wanakuja watu wamefunikwa mwili mzima, uso huuoni, wanamtia mama yako kwenye mfuko, wanaondoka. Jeneza limefungwa. Utajuaje kama yumo? Uvumi ukaenea kwamba viungo vinaibwa.

Zipo hatua zilizosaidia. Shirika moja lilileta vyumba vya plastiki vinavyoonyesha ndani, ndugu akasimama nje akamwona mgonjwa wake, wakazungumza. Waliopona waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao wamelazwa, kwa sababu aliyepona ana kinga. Mtaa mzima ukaona: kumbe watu wanatoka wazima! Chanjo walipewa watu zaidi ya 300,000. Julai 2019 kazi nzima akakabidhiwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo, ambaye alikuwamo tangu Ebola ya kwanza mwaka 1976. Na Agosti 2019 ikajulikana kwamba dawa mbili zinafanya kazi: waliofika mapema na kutibiwa kwa dawa hizo, takriban 9 kati ya 10 walipona.

Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua 3,470, waliokufa 2,287. Na yale maneno ya "biashara"? Machi 2020 mahakama ilimhukumu aliyekuwa waziri wa afya kifungo cha miaka 5 kwa kuzitafuna fedha za Ebola. Mwenyewe alikana.

Msidhani ni ya Kongo peke yake. Januari 2025 hapa kwetu, Kagera, Shirika la Afya Duniani lilisema kuna dalili za Marburg. Wizara ikasema vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Rais akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitishwa. Mnakumbuka mlivyokuwa mnaulizana kwenye simu siku zile? Kila mtu na daktari wake wa WhatsApp. Sisemi nani alikosea. Nasema siku chache za kutokuwa na neno moja zinatosha kuzaa uvumi wa mwaka mzima.

Haya, maswali.

*Mama, sasa sisi wanafunzi tutajuaje kama tangazo ni la kweli?*

Uliza. Nenda zahanati ya kwenu umuulize muuguzi unayemjua kwa sura: ugonjwa unaingiaje, unazuiwaje, mgonjwa akichukuliwa anapelekwa wapi, nani anaruhusiwa kumwona? Asipojua, mwambie akaulize wakubwa wake. Si utovu wa adabu. Na ukiona mtu anaharisha maji kama ya mchele, usingoje majibu ya maswali yako yote. Mpe maji ya chumvi na sukari, mpeleke.

*Mama, ungekuwa Beni ungewarushia mawe?*

Mawe, hapana. Kumficha mwanangu chini ya kitanda? Mwanangu, baada ya yale niliyowaona watu wa mtaa ule wakiyafanya kwa sababu yetu, siwezi kukuapia kwamba nisingemficha.

*Yule mama wa uji alirudi kuuza?*

Alirudi, baada ya kama miezi miwili. Kisima kilikuwa kimefukiwa, tukaletewa maji kwa gari, na bwana afya alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, bila mgambo. Mimi nilikuwa napita kununua uji wake kila asubuhi nikienda kazini. Wiki za mwanzo alinipa kikombe bila kunitazama. Nilikunywa palepale, amesimama, nikamrudishia kikombe.