Nguzo Zisizoinama: Wanawake wa Umani katika Barua za Kellis



Mani alizaliwa katika nchi ya Babeli mwaka 216. Dini aliyoihubiri iligawa waumini makundi mawili, Wateule na Wasikilizaji. Mteule hakula nyama, hakunywa divai, hakuoa wala kuolewa, wala hakuchuma hata tunda, kwa imani kwamba nuru ya Mungu imenaswa ndani ya mimea na kuukata mmea ni kuuumiza. Msikilizaji ndiye aliyemletea chakula. Mteule akila, nuru hufunguliwa na kurudi ilikotoka. Mlo ndio uliokuwa ibada.

Naomba tuanzie hapo jikoni, kabla hatujauliza nani alikuwa askofu. Vyeo vya juu, yaani walimu 12, maaskofu 72 na wazee 360, vilikuwa vya wanaume. Uteule, hata hivyo, mwanamke aliupata. Huko Salona, Croatia ya leo, lilipatikana jiwe la kaburi lenye maneno machache ya Kigiriki: Bassa, bikira, mwenyeji wa Lydia, Mmani. Salona iko karibu kabisa na kasri la Diocletian, kaisari yuleyule ambaye mwaka 302 aliagiza viongozi wa Wamani wachomwe moto pamoja na vitabu vyao. Kulichonga neno hilo la mwisho mahali pale kulitaka moyo.

Hazina yetu kubwa zaidi ni Kellis, kijiji cha oasisi ya Dakhla nchini Misri. Nyumba zake zilihifadhi barua za karne ya 4, nyingi kwa Kikopti. Katika mojawapo, baba wa dini asiyejitaja jina anawaandikia wanawake Wasikilizaji. Anawaita binti zake, wasaidizi, nguzo imara zisizoinama, na anakiri kwamba yeye na wenzake wanawategemea. Mimi sioni sifa tupu hapo. Mtu aliyekatazwa kuvuna na kupika anasema kweli tupu.

Tazameni pia nyumba ya Maria. Mumewe Makarios na mwanawe Matthaios wako mbali, katika bonde la Nile, na wanamwandikia. Mwana mwingine, Piene, anasafiri na Mwalimu, mwenye cheo cha juu, huku akijifunza Kilatini. Dini iliyomkataza Mteule kuzaa ilipata watumishi wake kwa akina mama kama huyu, na barua zilimfikia na habari za mtoto aliyezidi kwenda mbali.

Katika barua moja Matthaios anamwandikia mama yake kuhusu kifo cha bibi waliyemwita mama mkuu. Wanamkumbuka sana, asema. Kinachomuuma ni kwamba bibi alifariki wao wakiwa mbali, na kwamba saa ile ndugu wa imani hawakuwa wamekusanyika kumzunguka.