Piano ya Hába na Masikio ya Pwani

Wasikilizaji, habari ya Mwaka wa Muziki wa Czech mmeshaisikia. Mtunzi Smetana alitimiza miaka 200 tangu azaliwe, Prague ikamsherehekea, na mwaka mzima wa 2024 ukapewa jina hilo. Hatuna neno na Smetana. Neno letu ni juu ya orodha. Kila taarifa iliyotufikia ilikuwa na majina yale yale: Smetana, Dvořák, Janáček. Tena Smetana, tena Dvořák. Ndiyo majina ya 2014, ndiyo majina ya 2004, maana sherehe hii huja kila mwaka unaoishia na nne.

Mtunzi Alois Hába hatukumsikia akitajwa. Alizaliwa mwaka 1893 huko Vizovice, Moravia, akafa Prague mwaka 1973. Hakuzaliwa mwaka wa nne wala hakufa mwaka wa nne, basi kalenda ilimruka. (Kumbe mtunzi akitaka kukumbukwa achague vizuri na mwaka wa kufa.)

Na kwa hesabu hiyo hiyo ya kalenda, angestahili kuwamo. Mizizi ya sherehe hizi ni mwaka 1924, Smetana alipotimiza karne moja tangu kuzaliwa. Mwaka huohuo wa 1924, watengenezaji wa piano wa August Förster walimtengenezea Hába piano ya robo toni. Hadi 2024 ni miaka mia moja kamili. Orodha haikuona.

Piano ya kawaida ina sauti 12 ndani ya oktava moja. Ya Hába ina 24. Ndani yake mna seti mbili za nyuzi, moja imepandishwa robo toni juu ya nyingine, na mbele ya mpigaji kuna safu tatu za vibao vyeupe na vyeusi badala ya safu moja. Safu ya chini na ya juu zina sauti za kawaida. Ya katikati ndiyo yenye zile robo. Mikono ya mpigaji inapanda na kushuka kutoka safu hadi safu, na sikio lililozoea piano ya kanisani au ya hotelini hushtuka: hii piano imelegea nyuzi, nani atakuja kuikaza?

Haikulegea. Hába hakuziokota robo toni hizo kwenye vitabu. Kwao palikuwa na bendi ya familia, na tangu utotoni alipiga nayo fidla na besi, akiwasikia waimbaji wa vijiji vya Moravia wakipita katikati ya sauti mbili za piano, mahali ambapo vibao havifiki. Baadaye alisoma Prague kwa Vítězslav Novák, kisha Vienna na Berlin kwa Franz Schreker, akaandika kitabu kizima cha nadharia kilichotoka Leipzig mwaka 1927. Lakini sauti yenyewe aliitoa nyumbani. Opera yake ya robo toni, Matka, iliyochezwa mara ya kwanza Munich mwaka 1931, ni habari ya mama mmoja wa kijijini na watoto wake. Prague haikuiona jukwaani ila baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Tuseme kweli: si kila alichoandika kina ladha. Vipande vingine vya piano vya miaka ya mwanzo vina harufu ya darasani. Mwenye kutaka kumjua aanze na Sonata ya piano ya robo toni, opus 62, ya miaka ya baada ya vita. Humo robo toni si mchezo wa kuonyesha ufundi tena. Wimbo unatembea, unasita, unateleza kwenda mahali ambapo hukutegemea, na unafika.

Sasa mbona muziki wake hausikiki? Jibu la wakuu wa vipindi tunalijua, wa huku na wa huko Ulaya: msikilizaji hataki. Msikilizaji hataki! Kila kinachofungiwa kabatini, kosa ni la msikilizaji. Wanazi walipoikalia nchi yake, muziki wa Hába ulinyamazishwa, msikilizaji hakuulizwa. Wakomunisti walipotwaa dola mwaka 1948, wakataka muziki mwepesi wa kusifu, na darasa lake la robo toni pale chuo cha muziki cha Prague likafungwa, msikilizaji hakuulizwa. Leo piano yake iko mtaa wa Malá Strana, Prague, katika Jumba la Makumbusho ya Muziki la Czech, imetunzwa na inang'aa kama sahani za wageni. Msikilizaji hajaulizwa bado.

Walioulizwa walijibu nini? Wanafunzi wa Hába walikuwa wengi. Viktor Ullmann alikuwa mmoja wao, Gideon Klein mwingine, Karel Reiner mwingine. Wote watatu walipelekwa na Wanazi kwenye geto la Terezín. Humo, kwenye njaa na maradhi, Ullmann aliandika sonata tatu za piano, na Klein akaandika sonata yake mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 23. Huo nao ulikuwa muziki wa kisasa, mgumu, ijapokuwa kwa piano ya kawaida. Na watu walikuja kusikiliza. Watu wasiojua kama wiki ijayo watakuwa hai walikaa wakasikiliza piano. Ullmann aliuawa Auschwitz mwaka 1944, Klein akafa Januari 1945. Reiner alinusurika, akaishi hadi 1979. Halafu mtu aliyekaa kwenye studio yenye kiyoyozi anatuambia wasikilizaji wa leo hawawezi kuvumilia dakika kumi!

Na sisi wa pwani hii tuna sababu yetu ya kuuliza. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, chini ya Mfalme Fuad. Kati ya watunzi wa Ulaya, Bartók alikuwepo, Hindemith alikuwepo, na Alois Hába alikuwepo. Wakabishana juu ya hilo hilo la piano: je, muziki wa maqam, yaani mipangilio ya sauti ya Kiarabu, unaweza kuingizwa kwenye vibao kwa kuigawa oktava sehemu 24 zilizo sawasawa? Wajumbe wa Uturuki walikataa, wakisema sauti za maqam haziko sawasawa hivyo. Ubishi wao ulikuwa wa haki, maana robo toni ya Hába imepimwa kwa rula, na ya mpiga udi imepimwa kwa sikio.

Cairo si mbali nasi. Ni huko Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, anakosimuliwa kumpeleka Mohamed Ibrahim akajifunze ganuni, na ni kutoka huko kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa cha Unguja, kilichoasisiwa 1905, kilichota mengi. Mzee aliyelelewa na maqam za rasti na bayati hatashtushwa na piano ya Hába. Atasema tu, huyu Mzungu naye amefika. Sikio ambalo Ulaya inadai halipo, liko Ng'ambo ya Unguja, liko Lamu, liko Mombasa Mji wa Kale.

Liko, lakini kwa muda gani? Vinanda vya umeme vinavyojaa kwenye taarab ya leo vimepimwa kwa sauti 12. Vipo vinavyoweza kugeuzwa vikatoa robo toni, ila kwenye harusi nyingi hakuna anayejisumbua kuvigeuza. Ganuni inapungua, udi unapungua, na mtoto anakua akiamini kwamba sauti ya babu yake ndiyo iliyokosea. Orodha yao imemwacha Hába. Orodha yetu inawaacha wazee wetu. Ni orodha ile ile!

Basi tusingoje kalenda. Wakuu wa vipindi, wa stesheni zote pamoja na hii: toeni dakika kumi. Kumi tu! Wekeni sonata ya Hába, kisha wekeni ganuni ya Unguja, msimwambie mtu ni ngumu. Walimu wa muziki, mfundisheni mtoto sauti ya 13 kabla hajaambiwa haipo. Wapiga vinanda, geuzeni hicho kinanda, kitufe kikiwapo! Na wewe msikilizaji, usikubali kusingiziwa. Piga simu, tuma ujumbe, mtaje kwa jina: Alois Hába. Ukiambiwa hayumo kwenye orodha, piga tena kesho.