MOSHI WA DIZELI NI JAMBO LA KAZI

(Maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa reli, kwa niaba ya wenzake, mbele ya madereva wa malori na mataniboi.)



Twajua ya kwamba wako kati yenu walioshangaa kusikia watu wa reli wanakuja kusema nao. Tangu treni za mizigo za reli mpya zilipoanza kuchukua makontena ya Mombasa mwaka 2018, kumekuwa na maneno kati ya reli na barabara, na madereva wengi walipungukiwa na kazi. Maneno hayo hatukuja kuyafunika, wala hatuwezi kuyamaliza leo. Tumekuja kwa sababu ya jambo ambalo halichagui mtu wa reli wala mtu wa barabara, nalo ni moshi wa dizeli ambao sisi sote twauvuta kila siku ya kazi.

Wengi wetu twauhesabu moshi kama jua na mvua, kitu cha kuvumilia tu. Mtu akikohoa huambiwa ni vumbi la njiani, au ni baridi ya Timboroa, au ni sigara zake. Akishindwa na kazi kwa sababu ya kifua, hurudi nyumbani kimya kimya, wala hakuna mtu anayeandika popote ya kwamba ugonjwa ule huenda ulipatikana kazini. Ndugu, moshi si amri ya Mungu. Ni jambo la kazi, kama mshahara na saa za kazi, na yafaa liwekwe mezani pamoja nayo.

Kwanza tuseme moshi huu ni kitu gani. Dizeli ikiungua ndani ya injini haiungui yote. Inayobaki hutoka katika bomba kama masizi meusi, pamoja na hewa mbaya za namna nyingi. Masizi yale tunayoyaona kwa macho siyo mabaya peke yake. Ziko chembe ndogo sana zisizoonekana. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko chembe hizo zaidi ya mara 20. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, nasi twalitema. Lakini chembe hizi hupita, zikaingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo maana moshi hauumizi kifua tu, bali huumiza na moyo. Haba na haba hujaza kibaba. Mtu hauoni ubaya wake siku ya kwanza, wala mwaka wa kwanza.

Sasa mtasema, ushahidi uko wapi? Twaanza na wenzetu wa reli. Reli za Marekani ziliacha injini za mvuke na kuchukua injini za dizeli, hasa kati ya mwaka 1945 na 1959. Wataalamu walifuata habari za wafanya kazi wa reli karibu 55,000, tangu 1959 hata 1996. Wakaona ya kwamba waliofanya kazi juu ya treni, yaani madereva na makondakta na wenzao, walikufa kwa saratani ya mapafu kuliko wale ambao kazi zao zilikuwa mbali na moshi. Pale walipokufa watu 100 wa kazi za mbali, walikufa kama 140 wa kazi za treni. Wengine wakasema, hizo ni sigara. Wataalamu wakahesabu tena na kuiondoa sehemu ya sigara. Tofauti ilipungua, lakini haikwisha.

Wakatazama na watu wa malori wa huko huko. Walikuwa wanaume zaidi ya 31,000 wa makampuni manne, na habari zao zilifuatwa tangu 1985 hata 2000. Madereva na wapakizi wa mizigo, kadiri miaka yao ya kazi ilivyozidi, ndivyo hatari ya saratani ya mapafu ilivyozidi. Basi mwezi wa Juni mwaka 2012, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko mji wa Lyon, Ufaransa, lilitangaza ya kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu. Tangu 1988 lilikuwa likisema “huenda”. Mwaka 2012 neno “huenda” likaondolewa.

Ndugu, angalieni jambo moja katika habari hizo. Watu wale wa Marekani walihesabiwa kwa sababu walikuwa wameandikwa. Ilijulikana nani alifanya kazi gani, miaka mingapi, na alikufa kwa nini. Sisi hapa, nani ametuandika? Dereva anayeajiriwa kwa safari moja moja, leo kwa tajiri huyu, kesho kwa yule, hana karatasi hata moja ya kuonyesha ya kwamba amevuta moshi miaka 20. Akiugua, tajiri wa mwisho atasema, “Huyu alikuja kwangu mgonjwa.” Hapo hana la kujibu.

Tutazame njia yenu kutoka Mombasa hata Malaba. Moshi mwingi hauupati pale lori linapokimbia peke yake nyikani kati ya Maungu na Voi. Waupata unapofuata nyuma ya lori jingine mlimani, nalo linapanda polepole likitoa wingu jeusi, na huwezi kulipita. Waupata Mlolongo na ndani ya Nairobi, magari yakiwa yamebanana. Waupata kwenye mizani, Mariakani na Gilgil na Webuye, foleni ikisogea hatua moja na injini zote zinanguruma. Waupata Malaba penyewe, ambapo mtu hula na kulala katikati ya mabomba ya moshi. Na huko juu Timboroa, karibu futi 9,000, hewa ni nyepesi, na injini kuukuu ikikosa hewa ya kutosha huzidi kutoa moshi.

Tena uko moshi wa lori lako mwenyewe. Lori likizeeka, bomba hutoboka, na mpira unaoziba mahali pa gia hukatika. Moshi hupanda kwa chini ukaingia ndani, na dereva huzoea harufu hata asiisikie tena. Humo imo hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukisikia kichwa kizito na usingizi usio wa kawaida, usiseme ni uchovu tu. Kwa sababu hiyo twawasihi sana, mtu asilale ndani ya lori huku injini inanguruma na madirisha yamefungwa, wala asiingize jiko la makaa ndani kwa ajili ya baridi. Hewa hiyo huua mtu usingizini, na asubuhi hukutwa kama aliyelala.

Wako wanaosema dereva ajitunze mwenyewe, na kweli yako anayoweza. Ukiwa nyuma ya lori linalotoa moshi, acha nafasi kubwa. Katika foleni funga vioo, na kama lori lina feni, iweke izungushe hewa ya ndani, kisha ukiondoka hapo fungua upate hewa safi, kwa maana hewa iliyofungiwa muda mrefu huleta usingizi. Zima injini foleni ikisimama. Kitambaa cha kufunga puani huzuia vumbi kubwa tu, hakizuii chembe ndogo; barakoa ya N95 iliyokaa vizuri usoni yafaa zaidi.

Lakini tusidanganyane. Mwambieni mtu afunge vioo saa nane mchana pale Mtito Andei, ndani ya lori kuukuu lisilo na feni! Nani atanunua chujio jipya la hewa? Nani ataruhusu lori lilale gereji siku mbili litengenezwe pampu na nozeli, wakati mzigo unangojewa Kampala? Hayo si ya dereva. Ni ya mwenye lori. Serikali za Afrika ya Mashariki zilifanya sehemu yao tangu Januari 2015, zilipoamuru dizeli iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni moja. Hilo ni jambo jema, maana salfa ikipungua masizi nayo hupungua. Lakini dizeli safi ndani ya injini iliyochakaa bado hutoa moshi.

Na sheria yasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kulinda afya ya watu wake, na pahali penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima iwepo kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanya kazi ndani yake. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yatambua ya kwamba maradhi yaliyopatikana kazini ni kama jeraha la kazini. Na Katiba ya 2010 yasema, kifungu cha 42, kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Lori ni mahali pa kazi kama karakana yetu ya reli. Lakini sheria ni kama jembe lililoegemezwa ukutani, halilimi lenyewe.

Basi twaleta maombi manne mbele ya tawi hili.

La kwanza, katika mapatano yajayo na waajiri, pamoja na mshahara na posho ya safari, iandikwe ya kwamba kila lori lipimwe moshi na bomba lake likaguliwe kwa wakati uliowekwa, na dereva akitoa habari ya moshi kuingia ndani asifukuzwe kazi wala kukatwa mshahara.

La pili, wanachama wapimwe vifua kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, na kila mtu apewe nakala ya majibu yake.

La tatu, mahali pa kungojea kwenye mizani na mpakani pawe na vyumba vya kupumzikia mbali na foleni.

La nne haligharimu ila daftari na kalamu. Tawi lifungue kitabu. Kila dereva na kila taniboi aandikwe: jina, mwaka alioanza, njia anazopita, waajiri aliowatumikia, na hali ya kifua chake. Kitabu hicho kisifungwe. Sisi wa reli, wa karakana na wa treni, tutafungua chetu, na kila mwaka tutaviweka vitabu viwili mezani pamoja.

Pafukapo moshi pana moto. Moshi twauona sisi sote, na moto wake unawaka ndani ya vifua vyetu. Tusingoje mpaka watu wengine waje kutuhesabu tukiwa kaburini. Tujihesabu wenyewe tukiwa hai. Anayetaka kuandikwa ajitokeze leo kabla ya kuondoka, katibu yuko hapa na daftari li tayari.

Umoja ni nguvu.