Mbu Huuma Saa Ngapi?



Mbu jike ndiye anyonyaye damu, apate kukuza mayai yake. Yule wa malaria, anofelesi wa Nyanza na pwani, huuma zaidi usiku wa manane mpaka alfajiri, saa ambazo tumo kitandani. Hiyo ndiyo nguvu ya chandarua. Basi mkienda likizo Siaya au Busia, msikiache. Nairobi malaria ni chache, na mwili husahau kupigana nayo.

Lakini mwaka 2022 anofelesi mgeni alionekana Marsabit. Huyu huzaa katika maji ya mapipa mjini, tena huuma tangu jioni, hata nje. Kwake chandarua peke yake hakitoshi: funikeni mapipa.

Ukirudi likizo ukashikwa na homa, kapimwe damu siku ile ile. Kibarua akilala, hana ujira.