Rejeti ya Kingamyambo imepimwa. Watu wa Kolwezi, nani amewahesabu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kolwezi ku mukutano juu ya watu waliohamishwa. Tumeyaandika namna yalivyosemwa.



Nitaanza na hesabu moja. Munajua Kingamyambo. Miaka mingi, toka wakati wa Wabelgiji, kiwanda cha kuoshea mawe cha Kolwezi kilitupa pale muchanga uliobakia, ule tunaoita rejeti. Ulikuwa takataka. Kiisha wakubwa wa migodi wakakuja na mashini, wakatoboa, wakapima. Wakaandika kwamba Kingamyambo pamoja na bonde la Musonoi kuko karibu tani milioni 113, shaba 1,49 kwa mia, kobalti 0,32 kwa mia. Ni takataka, lakini wamepima mpaka namba ya pili nyuma ya koma.

Sasa hesabu ya pili, ile ya watu. Hesabu kubwa ya watu wa Kongo nzima, ile ya nyumba kwa nyumba, ya mwisho ni ya mwaka wa 1984. Mimi nilikuwa bado kuzaliwa. Toka ile siku mupaka leo, nchi imebadilisha jina, vita vimepita, Katanga imegawanywa mwaka wa 2015, Kolwezi imekuwa muji mukubwa wa Lualaba, na kobalti imeleta watu toka pande zote. Kila namba munayosikia ku redio juu ya wakaaji wa Kolwezi ni ya kukadiria.

Njo maana nimeomba kusema leo juu ya kuhesabu watu wanaokimbia ao wanaofukuzwa. Wengine watasema hiyo ni kazi ya ONU na ya wale wa magari meupe. Mimi nasema ni kazi yetu pia, juu ya sababu moja: mutu asipoandikwa siku alipohamishwa, haki yake inakufa mbele ya kesi kuanza. Na nitaongeza neno la pili, kwa sababu historia yetu inalilazimisha: mutu akiandikwa vibaya, ile karatasi inaweza kumurudilia.

Tuanze na kwetu. Agosti 1992, Konferansi ya Taifa ilimuchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza. Nyuma ya pale, hapa Katanga, wakati ule ikiitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa, kwanza Likasi, kiisha Kolwezi mwaka wa 1993. Walikuwa majirani, walimu, wafanyakazi wa Gécamines, watu waliozaliwa hapa na wazazi waliozaliwa hapa. Walilala ku gari ya moshi majuma na miezi, wakingojea behewa la kuwapeleka kwenye inchi ambayo wengi hawakuwahi kuiona. Watoto na wazee walikufia pale pale ku stasheni, na wengine mu njia.

Walikuwa wangapi? Ulizeni. Mutu mumoja atawaambia laki moja, mwengine laki kadhaa, mwengine milioni. Hakuna listi ya waliotoka, wala listi ya waliofika, wala listi ya nyumba zilizobakia na nani aliingia ndani yake. Miaka zaidi ya 30 imepita na mutoto wa familia ile akirudi leo kuuliza nyumba ya baba yake, anarudi na nini mu mukono? Hana hata karatasi inayosema kwamba alifukuzwa. Ataambiwa baba yako alisafiri.

Mwaka ule kuuliza mutu «kwenu ni wapi?» haikukuwa desturi ya kujuana. Ilikuwa hukumu. Tukumbuke hilo, nitalirudilia.

Sasa tuone namna wanavyohesabu leo. Munasikia «Kongo ina wakimbizi wa ndani milioni 6,9». Namba ile ilitolewa Oktoba 2023 na OIM, shirika la Umoja wa Mataifa juu ya uhamaji. Wana kazi moja wanaiita DTM, ilianza Irak mwaka wa 2004, leo iko inchi nyingi. Watu wengi wanafikiri kuna mutu alipita nyumba kwa nyumba mupaka milioni 6,9. Hapana. Mara nyingi muandikaji anafika ku kijiji, anatafuta wale wanaojua: shefu, muuguzi wa santre, mwalimu, mama wa kanisa. Anauliza: mumepokea familia ngapi, toka wapi, tangu lini, kwa sababu gani? Wamerudi wangapi? Anauliza wengine, analinganisha. Pembeni kuna wale wanaokaa ku njia panda, ku kivuko ao ku mupaka, wanahesabu wanaopita kila siku. Kwanza ni hesabu ya waliopo, kiisha hesabu ya wanaotembea. Ukichanganya hizo mbili utamuhesabu mutu mumoja mara mbili.

Kazi hiyo ina faida. Wakati wa Kamwina Nsapu, toka Agosti 2016, watu zaidi ya milioni moja walikimbia nyumba zao mu Kasai, na wengine zaidi ya 30 000 waliingia Angola. Oktoba 2018, Angola nayo ikafukuza Wakongomani, watu zaidi ya 300 000 wakarudi mu majuma machache tu, wengi kwa njia ya Kamako. Kama hakungekuwa watu wanaohesabu ku mupaka, nani angeamini? Namba ndiyo iliyoleta maji, dawa na mahema, hata kama havikutosha.

Lakini angalieni pale namba inapokatika. Familia iliyokimbia kijiji mu Kasai inahesabiwa pale Kananga ao Tshikapa. Mwaka unapita, baba anasikia kuna kazi ku Lualaba. Anapanda juu ya behewa la mizigo. Machi 2022, gari ya moshi ya mizigo ilianguka Buyofwe, mu teritware ya Lubudi, hapa hapa mu provense yetu. Kwanza walisema waliokufa ni 60, kiisha ikafika 75. Wengi walikuwa wasafiri wa kujificha, maana yake hawakukuwa na tikiti, na pasipo tikiti hakuna jina. Familia zao zilingojea simu.

Na yule anayefika muzima, hapa Kolwezi haitwi tena mukimbizi. Anaitwa mutafuta-kazi, ao muchimbaji, ao «bale banakuya kujaza muji». Jana alikuwa ndani ya ile milioni, leo ametoka, na hakuna kilichobadilika mu maisha yake isipokuwa umbali. Anakodi chumba Kasulo ao Kanina. Siku shimo linaanguka, ni nani anajua alikuwa mutoto wa nani?

Kuko wenye kusema: tutumie simu, tuache kuuliza watu. Ni kweli, imefanyika. Nyuma ya tetemeko la Haiti, Januari 2010, wajuzi walichukua alama za simu, pasipo majina, wakaona watu karibu 630 000 waliokuwa Port-au-Prince siku ya tetemeko walikuwa wametoka muji ule nyuma ya siku 19, na waliona pia walikwenda wapi. Ni jambo kubwa. Fikirieni Goma, Mei 2021: Nyiragongo ililipuka tarehe 22, tarehe 27 watu wakaamriwa kutoka, mamia ya maelfu wakaenda Sake, Rutshuru, Bukavu, Gisenyi, kwa siku moja ao mbili. Hakuna muandikaji mwenye kalamu anayeweza kufuata mbio ile.

Lakini simu si mutu. Hapa mu salle, nani ana namba moja tu? Tuna mbili, tuna tatu, juu ya mtandao kupotea. Mama anatumia simu ya mutoto. Mutoto wa miaka mitano hana simu. Muzee wa kijiji hana. Simu inaonyesha kundi linaelekea wapi. Haiwezi kukuambia nani amebakia nyuma, na yule aliyebakia mara nyingi ndiye mwenye shida kubwa.

Sasa nafika ku ile inayotuuma. Kila mwaka inatoka hesabu ya dunia ya watu waliohamishwa. Ndani yake muko vita, muko volkano, muko mafuriko. Mugodi hamuko. Aliyefukuzwa na bunduki anaandikwa, aliyefukuzwa na tingatinga haandikwi. Septemba 2023, Amnesty International na Afrewatch walitoa ripoti juu ya Kolwezi. Waliandika juu ya Mukumbi, kijiji kilichochomwa na kubomolewa Novemba 2016. Waliandika juu ya Cité Gécamines, kartie ya watu karibu 39 000, ambamo familia zilianza kuhamishwa juu ya mugodi kupanuka. Kwa nini tulingojea ripoti itoke nje ili tujue majirani wetu wameenda wapi?

Na sheria iko. Mwaka wa 2009, Umoja wa Afrika ulipokea Mapatano ya Kampala juu ya wakimbizi wa ndani. Kongo ilitia sahihi. Kipengele cha 10 kinasema serikali zizuie watu kuhamishwa na miradi, ya serikali ao ya watu binafsi, na watu wapewe habari na kuulizwa mbele. Kipengele cha 13 kinasema serikali itengeneze na itunze kitabu cha majina ya wakimbizi wote wa ndani. Hapa kwetu, reglema ya migodi ya 2018 ina kiambatisho cha XVIII, chote ni juu ya kuhamisha, kulipa na kukalisha upya watu walioguswa na migodi. Musiniambie sheria hakuna. Kinachokosa ni mutu anayefika ku komini na namba sahihi mu mukono, anayeuliza: hawa watu wako wapi?

Mimi nimemaliza univesite, kazi sina, munajua, wengi wenu ni vile vile. Siku fulani nilipata kazi ya siku nane, kuandika watu ku sehemu moja iliyopaswa kuhamishwa. Aliyetuajiri simutaji. Fishi ilikuwa na fasi ya jina la mwenye parsele tu. Mu parsele moja nilikuta mwenyewe, wapangaji wa vyumba vitatu, na mama anayeuza makala ku muryango. Waliokaa pale ni watu 17. Fishi ilimezea mumoja. Niliuliza wapangaji niwaweke wapi, nikajibiwa «hao watajitafutia». Ndivyo watu 16 wanavyopotea, bila risasi, bila moto, kwa karatasi yenye mustari mumoja.

Kwa hiyo, wandugu, siku ya posho ijayo wale waliojiandikisha watatoka wawili wawili, kijana na dada, kila kundi na avenyu yake. Tutaanza na kartie zile ambazo watu wameambiwa wajitayarishe kutoka. Masharti ni haya, na tunayashika hata kama mutu anatuharakisha.

Tunahesabu mbele ya nyumba kubomolewa. Nyuma yake ni kuhesabu kumbukumbu.

Tunaandika kila anayelala ndani: mwenyewe, mupangaji, mutoto, mugeni wa miezi, na yule aliyeko ku shimo wiki nzima. Tunaandika alifika mwaka gani, anafanya kazi gani, watoto wanasoma wapi, maji anachota wapi. Akihamishwa, ndiyo vitu atakavyopoteza.

Kabila hatuulizi. Asili hatuulizi. Mutu akitaja mwenyewe, hatuandiki. Nimewakumbusha 1993: listi inayosema nani anatoka Kasai, hata ikiandikwa na watu wazuri, siku moja itaanguka mu mikono mingine.

Majina yanakaa fasi moja, namba zinakaa fasi nyingine. Ku intaneti tutaweka namba za avenyu tu. Hakuna picha ya fishi ku WhatsApp, hata kwa rafiki. Na kila familia itabakia na nakala yake, yenye tarehe na sahihi ya mashahidi wawili, mumoja awe shefu wa avenyu akikubali.

Mutu akikataa kuandikwa, tunamushukuru na tunaendelea. Hatutoi ahadi ya pesa. Ukiahidi pesa, kesho nyumba ya watu 17 itakuwa ya watu 40, na siku ile hakuna atakayeamini hata wale 17.

Nyuma ya miezi mitatu tunarudi kwa walewale. Aliyetoka tunamupigia simu, tunauliza: uko wapi, ulilipwa, watoto wanasoma? Kuhesabu mara moja kunakuonyesha watu wako wangapi. Ukirudi ndipo unajua walifanyiwa nini.

Kiisha tutapeleka namba ku komini, ku meri na ku provense, na nakala kwa kampuni inayohusika, na tutaomba muhuri wa kupokea. Wakisema namba zetu ni uongo, vizuri sana: walete zao, tulinganishe mbele ya wakaaji. Toka 1984 tunangojea walete zao.

Wenye kutaka kujiunga, muone dada anayeshika daftari pale ku mulango. Kalamu mulete wenyewe.