Mlango wa Chuo na Siri ya Mwanafunzi

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Halmashauri imetutaka sisi wa karakana tuseme machache juu ya kuingia vyuo vya ufundi. Sisi si walimu. Wengi wetu tulisoma shule za misheni tukaishia darasa la nane, na mengine tumefunzwa na nyundo na spana. Lakini jambo hili limetugusa wenyewe, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Yuko mwenzetu hapa ambaye amechomelea vyuma kwa miaka tisa bila cheti. Alikwenda chuo kimoja kuuliza masomo ya jioni. Karani akamwambia, "Huna cheti cha kidato cha nne, basi huna nafasi." Akarudi nyumbani, akanyamaza mwaka mzima. Kisha akajaribu chuo kingine, akapewa fomu ya kurasa nne. Fomu ikamwuliza mwajiri wake, mshahara, kabila, dini, magonjwa, hata chama cha wafanyakazi alichomo. Akajaza yote, maana mwenye kiu hachagui kata. Wiki haikwisha, mtu wa chuo akapiga simu kazini, eti kuhakikisha. Mkubwa wake akamwita: "Kumbe wajitayarisha kutuhama?" Tangu siku ile hakupewa tena ovataimu.

Ndugu zangu, hapo pana makosa mawili. La kwanza, alifungiwa mlango uliokuwa wazi. La pili, siri yake ilitolewa kwa mtu asiyehusika.

Tuanze na mlango. Katika vyuo vya ufundi vya Serikali, kijana anayetaka diploma hutakiwa awe amepata C- katika mtihani wa kidato cha nne. Anayetaka cheti cha ngazi ya katikati hutakiwa D. Cheti cha fundi cha ngazi ya chini humpokea hata aliyepata E. Kwa hiyo mzazi asimwambie mtoto kwamba E ni mwisho wa dunia. Aanzie chini, afaulu, apande ngazi kwa ngazi.

Je, sisi tusiokwenda sekondari? Uko mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Mafunzo ya Viwandani, ile iitwayo NITA. Huanza daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Kinachopimwa hasa ni kazi ya mkono wako. Tena msisahau kwamba kwa miaka mingi waajiri wametozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ziwe fedha za mafunzo, na mwajiri anayefundisha watu wake aweza kudai arudishiwe gharama. Basi tunapoomba kufundishwa hatuombi sadaka.

Sasa tuje kwenye siri. Wako watakaosema, "Mficha uchi hazai." Kweli. Lakini mama mzazi humwonyesha mkunga, hauonyeshi soko zima. Chuo kina haki ya kujua jina letu, kitambulisho, na vyeti vyetu. Anayeomba mkopo wa Serikali huulizwa mapato ya wazazi, na hilo lina maana, kwa sababu mkopo hupimwa kwa mahitaji. Lakini habari ya mkopo ni ya mkopo. Haitoki ofisini ikabandikwa ukutani pamoja na majina ya wenye deni la karo.

Wazee wetu waliijua habari hii kabla yetu. Sheria ya mwaka 1915 ilileta kipande, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Mwafrika mwanamume alikichukua shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma. Humo mlikuwa alama za vidole vyake, mabwana aliowatumikia, na mshahara wake. Bwana mpya alijua kila jambo juu yake, naye hakujua lolote juu ya bwana. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921. Je, sisi tukivike tena shingoni kwa fomu ya chuo?

Sheria ya leo haitaki hivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yasema mtu asitakiwe kutoa habari za jamaa yake au mambo yake ya siri pasipo haja, wala zisifichuliwe pasipo haja. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Yamtaka anayekusanya habari zako akuambie kwanza anazitakia nini, asichukue zaidi ya anazohitaji, na asizitumie kwa jambo jingine. Wewe una haki ya kuona walichoandika, na kusahihisha kilicho kibaya. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye wa kukubali. Haya si maneno matupu: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Basi yatupasa kufanya hivi:

1. Kabla ya kulipa hata senti, uliza kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi.

2. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Neno la karani mlangoni si sheria.

3. Swali usiloelewa kwenye fomu, uliza: "La kazi gani hili?" Dini na chama chako havichomelei chuma.

4. Toa nakala za vyeti, vyeti vyenyewe vionyeshe tu na kurudi navyo.

5. Siri yako ikitolewa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Waweza kuandika, au kusema kwa mdomo nao wakaandika. Sheria yawapa siku 90 kumaliza jambo hilo.

Na asiyejua kusoma fomu vizuri asione haya. Aje nayo ofisi ya tawi, tutaisoma pamoja kabla hajatia sahihi.

Mwenzetu yule amefaulu daraja la tatu, nasi twampongeza. Ovataimu yake haijarudi. Jambo hilo liko mikononi mwa chama, na hatutaliacha. Lakini laiti angalijua siku ile kwamba swali la mwajiri angaliweza kuliacha wazi, leo tusingalikuwa na kesi.

Elimu ni haki yetu, na siri zetu ni zetu. Umoja ni nguvu.